Kibali cha Kwenda Ardhini

Ilikuwepo, na kwa bahati mbaya bado ipo, nchi moja iitwayo Jamhuri ya Ukarimu. Msiitafute kwenye ramani. Serikali yake hairuhusu ichorwe bila kibali, na ofisa anayetoa vibali vya kuchora ramani alitoka kwenda kunywa chai na hajarudi. Inatosha mjue kwamba mpakani kwake pana bango kubwa lililoandikwa: KARIBU MGENI, JISIKIE UKO NYUMBANI. Chini yake, kwa herufi ndogo zinazomlazimu mtu apige magoti, imeandikwa kwamba mgeni atakayekutwa anajisikia yuko nyumbani bila idhini atashitakiwa.

Wananchi wa Ukarimu wenyewe ni watu wazuri. Zamani walisema, kama tusemavyo sote, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bunge likakaa, likairekebisha methali hiyo kwa kauli moja. Sasa inasomeka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe fomu. Mwalimu anayefundisha ile ya zamani hukatwa mshahara.

Ndiko alikoolewa Semeni.

Semeni alizaliwa nchi jirani, ambayo serikali ya Ukarimu haiitaji kwa jina bali huiita Upande wa Pili, kwa hofu kwamba ikitajwa itapata kiburi. Alikuwa akiuza vitenge sokoni, na ulimi wake ulijulikana kuliko vitenge vyake. Lugendo, fundi wa majokofu kutoka Ukarimu, alikwenda kutengeneza jokofu la wauza samaki pale sokoni, akakaa nalo muda mrefu kuliko ubovu wake ulivyostahili. Kila akiinua kichwa alimkuta Semeni anamcheka. Mwishowe akaona bora acheke naye ndani ya nyumba.

Harusi ilifanyika kwa mama yake Semeni, Bi Mwadawa. Wangeweza kubaki huko huko, lakini Lugendo alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa amebakiwa na mjukuu mmoja tu duniani. Ikabidi mke amfuate mume. Siku ya kuagana, Bi Mwadawa alimshika binti yake mikono yote miwili.

"Nenda, mwanangu. Mume ndiye huyo, sina neno. Ila siku nikifa uje unifunike udongo kwa mkono wako. Sitaki kufunikwa na majirani, wengine wana deni na mimi la maneno."

"Nitakuja, mama," akasema Semeni. Ilikuwa ahadi nyepesi kabisa. Kutoka pale mpaka Ukarimu ni mwendo wa asubuhi.

*

Bibi yake Lugendo aliitwa Bibi Kalunde. Alimpokea bibi harusi mlangoni akiwa na ungo wa pumba, akammwagia miguuni.

"Mmeniletea kuku wa Watengu," akasema. "Donoa, mwanangu, usione haya. Najua kwenu hata hizi hamna."

Semeni akamtazama toka juu mpaka chini. "Shikamoo, bibi. Nilidhani nimeolewa kwenye nyumba, kumbe ni banda. Ila kuku wenyeji mbona mmezeeka hivi? Mkichemshwa mtatoa supu kweli?"

Bibi Kalunde alicheka mpaka akakaa chini kwenye pumba zake. Wakapendana tangu siku hiyo.

Asiyejua utani angedhani wamegombana. Watengu, kabila la Semeni, na Wasombwe, kabila la Lugendo, ni watani tangu mababu. Inasimuliwa kwamba walipigana vita mpaka chakula kikawaishia pande zote mbili, Watengu wakawapa Wasombwe mbegu ili wapate nguvu za kuendelea kupigana. Yalipofika mavuno hakuna aliyekumbuka waligombania nini. Wakacheka. Toka hapo Mtengu anaweza kumtukana Msombwe, kumvua kofia, kumwigiza sauti, na akifa, kukaa juu ya kaburi lake asizikwe mpaka mtani aridhike. Msombwe naye vivyo hivyo kwa Mtengu. Sharti ni moja tu, kwamba mtani hakasiriki.

Serikali iliipenda sana mila hii. Rais alipotangaza Mwaka wa Mila, Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Mila: yeyote atakayemzuia mtani kufanya utani msibani atafungwa, awe raia, askari au waziri. Wabunge walipiga meza kwa shangwe, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa na mpango wa kufa.

*

Kila mke au mume aliyetoka nje alipaswa kupita Idara ya Wenzi wa Kuja. Idara ilikuwa na jengo la ghorofa na dirisha moja. Dirisha lilifunguliwa Alhamisi tu, baada ya chai ya maofisa na kabla ya maandalizi ya chakula chao cha mchana. Nyuma yake alikaa Kamishna Malebo mwenyewe, kwa sababu hakuamini kwamba yupo mtu mwingine anayeweza kukataa vizuri kama yeye. Alivaa koti la mifuko minne na miwani iliyoteremka mpaka ncha ya pua. Shingoni alining'iniza kwa kamba Muhuri wa Jamhuri, aliokuwa akioga nao na kulala nao. Mkewe alikwisha zoea kuamka na neno IMEKATALIWA shavuni.

"Umekuja kuolewa au kuhamia?" alimwuliza Semeni siku ya kwanza.

"Nimekwisha kuolewa, mheshimiwa. Nimemfuata mume wangu."

"Umemfuata. Kwa hiyo yeye alikuwa anakukimbia." Akaandika.

Picha ya Semeni ilirudishwa kwa sababu alitabasamu, na mgeni anayetabasamu amejikubalia mwenyewe kabla ya kukubaliwa. Akapiga nyingine amenuna. Nayo ikarudishwa, maana anayenuna katika nchi ya ukarimu anaitukana. Mashahidi wa ndoa walikataliwa wote, kwa kuwa walikula pilau, na mtu aliyekula pilau hawezi kuwa shahidi huru. Idara ilitaka shahidi aliyeiona ndoa bila kuhudhuria.

Ukafuata Mtihani wa Mapenzi. Semeni aliwekwa chumba hiki, Lugendo kile, wakaulizwa nani kati yao hukoroma. Wote wawili walijibu kwamba ni Lugendo. Kamishna alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Majibu yanafanana mno. Mmefundishana."

Wakarudia mtihani, safari hii kila mmoja akamtaja mwenzake.

"Hamjuani," akasema Kamishna. "Njooni Alhamisi."

Mwisho wa yote kilibaki Cheti cha Kutokuwa Mahali Pengine. Cheti hicho hutolewa nchini kwao mwombaji, na ni lazima akakichukue yeye mwenyewe, kwa miguu yake, ili kuthibitisha kwamba hayupo huko. Lakini mwombaji akitoka Ukarimu faili lake hufungwa, na harudi tena maisha, isipokuwa awe na Kibali cha Kutoka na Kurudi. Na Kibali cha Kutoka na Kurudi hupewa mwenye Cheti cha Kutokuwa Mahali Pengine.

"Sasa nitakipataje, mheshimiwa?"

"Hilo ndilo swali tunalojiuliza hata sisi," akasema Kamishna kwa upole. "Njoo Alhamisi."

Akaja Alhamisi, na Alhamisi nyingine, mpaka watu wa foleni wakawa jamaa zake. Alikuwepo bwana mmoja, Mzee Rajuu, aliyemfuata mkewe Ukarimu wakati mkewe ni msichana. Sasa mkewe ana wajukuu, na Mzee Rajuu bado anasubiri aitwe. Kisheria yeye na Semeni walikuwa na cheo kimoja: Mgeni wa Muda wa Kudumu.

*

Masika yalipokwisha, Sefu, kaka yake Semeni, alipiga simu. Mama alikuwa mgonjwa na hali haikuwa nzuri. Semeni alikwenda moja kwa moja dirishani, akawaomba radhi watu wa foleni, wakampisha.

"Mama yangu anaumwa, mheshimiwa. Nipe kibali nikamwone, nitarudi."

"Anaumwa," Kamishna akarudia polepole. "Kwa hiyo hajafa."

"Hajafa."

"Basi hakuna dharura. Kuumwa ni jambo la kawaida, hata mimi goti linaniuma. Dharura ni kifo. Akifa, njoo."

Bi Mwadawa hakuwa mtu wa kubishana na serikali za watu. Akafa.

Semeni alirudi ofisini amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba, Lugendo amemshika mkono. Haikuwa Alhamisi, lakini Kamishna alikuwepo, anachovya andazi kwenye chai.

"Amekufa, mheshimiwa. Wanazika kesho. Nilimwahidi nitamfunika udongo kwa mkono wangu. Nakuomba sana. Nikatupie udongo tu, nigeuze."

Kamishna alimeza andazi. "Pole sana, dada. Sasa amekwisha kufa, haraka ni ya nini? Angekuwa mzima ningesema labda ana safari. Marehemu haendi kokote. Atakusubiri. Njoo Alhamisi."

Maofisa nyuma yake walicheka. Semeni alilipiga lile dirisha kofi. Alimwambia Kamishna kwamba hana haya, kwamba yeye hakuzaliwa bali alipigwa muhuri. Lugendo alijaribu kumvuta. Kamishna akaweka kikombe chini, akainua kidole.

"Wewe Mtengu, mimi Msombwe. Nimekutania. Mtani hakasiriki. Au huko kwenu mila hamzijui?"

Maofisa wakacheka tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa halali.

Bi Mwadawa alizikwa kesho yake, akafunikwa na majirani. Sefu aliisogeza simu karibu na kaburi ili dada yake asikie. Semeni alikaa jikoni kwa Bibi Kalunde, simu sikioni, akasikia udongo ukianguka, chepe baada ya chepe. Alitaka kulia, machozi yakagoma. Kilichokuja mahali pake kilikuwa chuki, tena chuki safi, iliyopepetwa, isiyo na chuya hata moja. Aliikaribisha ndani, akaipa kigoda.

Bibi Kalunde alimtazama usoni. "Unamlaani yule mtu?"

"Simlaani, bibi," akasema Semeni. "Naweka akiba."

*

Mwenyezi Mungu si raia wa Ukarimu, kwa hiyo hangoji Alhamisi. Kabla mwaka haujaisha, Rais alimtunuku Kamishna Malebo Nishani ya Ukarimu Uliotukuka, kwa kuwapokea wageni wengi kuliko ofisa yeyote katika historia bila hata mmoja kuingia. Kwenye karamu akapewa firigisi, kama ilivyo heshima ya mkubwa. Akaitia mdomoni, na kwa kuwa makofi yalikuwa bado yanaendelea, akaona ahutubie huku anatafuna.

"Ndugu wananchi," akasema, "mlango wa nchi yetu uko wazi, ila..."

Firigisi ikakwama pale pale kwenye "ila". Kamishna alikodoa macho, akanyoosha mikono, akapiga meza. Wageni wote wakasimama na kumshangilia, maana hajawahi kuhutubia kwa hisia kiasi kile. Makofi yalipokwisha, na yeye alikuwa amekwisha.

Redio ilipotangaza, Semeni alikuwa anachambua mchele. Alifurahi. Tusifichane: alifurahi mpaka akaona haya, kisha haya zikapita, furaha ikabaki. Bibi Kalunde akapunguza sauti ya redio.

"Aliye juu mngoje chini," akasema. "Na huyu wanatuletea mpaka chini kabisa."

"Bibi, alikuwa Msombwe kweli?"

"Kwa baba na kwa mama. Redio imesema atazikwa kijijini kwao kwa mila zote, serikali itasimamia."

"Na mimi ni Mtengu."

"Mtengu wewe, kuku wangu wewe." Macho ya bibi yaliwaka. "Msibani kwa mtani hawaendi mikono mitupu. Utabeba nini?"

"Meza," akasema Semeni. "Na kiti."

Lugendo aliposikia, aliogopa. "Mke wangu, watakufunga."

"Kwa sheria ipi? Sheria wametunga wao, wakaipigia meza."

Lugendo akafikiri. Yeye ndiye aliyehudumia jokofu la mochwari ya wilaya, na wiki hiyo alikuwa ameitwa kulifanyia matengenezo ili limtunze Kamishna mpaka mabalozi wapate nafasi. Aliwaza pia kuhusu Mtihani wa Mapenzi. Kisha akachukua muhogo mmoja jikoni, akaanza kumchongea mkewe muhuri.

"Hilo jokofu lina nguvu?" Semeni akamwuliza.

"Linaweza kumweka mpaka masika yajayo," akasema Lugendo.

*

Yalikuwa mazishi makubwa. Palikuwa na mahema, bendi ya polisi, mabalozi waliovaa suti nyeusi kwenye jua, na kamera za televisheni, kwa kuwa Rais alituma salamu kwamba anafuatilia akiwa Ikulu. Wake na waume wa kuja wote waliamriwa kuhudhuria na kusikitika. Asiyesikitika faili lake lingeonyesha.

Waziri wa Makaribisho, Mheshimiwa Tegemeo, alihutubia. "Marehemu hakuwa mtu," akasema kwa sauti ya kutetemeka. "Marehemu alikuwa mlango. Na leo, ndugu zangu, mlango huo umefungwa." Mzee Rajuu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alimnong'oneza jirani yake kwamba yeye hajawahi kuuona umefunguliwa.

Jeneza likabebwa kuelekea kaburini. Huko likakuta meza. Ilikuwa imewekwa juu ya mbao zilizolazwa kukatiza shimo, na nyuma ya meza alikaa Semeni, amevaa koti la mifuko minne, miwani ncha ya pua, muhogo unaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa anachovya andazi kwenye kikombe cha chai.

"Foleni, tafadhali," akasema bila kuinua macho. "Mwenye jeneza arudi nyuma ya mstari."

Wazee wa Kisombwe wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kofia. Mkuu wa polisi alianza kusogea, lakini mjomba wa marehemu, mzee mfupi aliyeshika fimbo, akamzuia kwa kiwiko.

"Afande, huyo ni mtani wetu. Ukimgusa, hili kaburi halifungiki, na ukoo wetu wote tutaumwa matumbo. Halafu sheria unaijua."

Afande aliijua. Alipigwa picha akiapa kuilinda. Akarudi nyuma, akasimama kwa ukakamavu, akaangalia mawingu.

Ikabidi Waziri aende mwenyewe, na tabasamu la kazi. "Karibu, mtani. Tunashukuru umekuja kutuchangamsha. Sasa tupishe tuzike."

"Mwombaji ni nani?" akauliza Semeni.

"Mwombaji gani?"

"Huyo anayetaka kuingia ardhini."

"Ni... ni Mheshimiwa Kamishna Malebo."

"Anakwenda kufanya nini huko?"

"Anakwenda kupumzika," akasema Waziri.

"Anayekwenda kupumzika ni mtalii. Anatoka lini?"

"Hatoki. Anakaa moja kwa moja."

"Kumbe anahamia, na mlitaka kunificha." Semeni akaandika. "Huko anakohamia ana mwenyeji?"

Mjomba akajibu kwa adabu, mabega yakimtikisika. "Yupo, mtani. Baba yake mzazi amezikwa hapo pembeni."

"Vizuri sana. Asimame athibitishe."

Wakangoja. Hata bendi ilingoja.

"Hakusimama," Semeni akaandika. "Picha?"

Wakamwonyesha picha kubwa iliyowekwa juu ya jeneza, Kamishna amevaa nishani yake.

"Anacheka. Mtu anayekwenda kaburini huku anacheka amejikubalia pepo mwenyewe. Leteni aliyonuna."

"Za kununa ziko nyumbani, nyingi tu," akasema mjane. Wanawake waliomzunguka wakajifunika kanga nyuso, na watu wa mbali wakadhani wanalia.

"Na huko ardhini anaenda kwa mapenzi, au anafuata maslahi? Sawa, hilo tutamwuliza yeye na ardhi, vyumba tofauti. Cheti cha Kutokuwa Mahali Pengine kiko wapi?"

Jasho lilimtoka Waziri. "Mtani, mtu yumo humu ndani ya jeneza. Atakuwa mahali gani pengine?"

"Hilo ndilo swali tunalojiuliza hata sisi," akasema Semeni kwa upole.

Pale ndipo Mzee Rajuu aliposhindwa kujizuia. Alicheka kicheko cha miaka yake yote ya foleni, kisha akatoka alipokuwa, akaja kusimama nyuma ya jeneza, mikono nyuma, kama alivyozoea. Mwingine akasimama nyuma yake, na mwingine. Wake na waume wa kuja wakajipanga wote, kimya, foleni ikatoka makaburini ikafika barabarani. Kamera ziliifuata mpaka mwisho.

Simu ya Waziri ikalia. Ilikuwa Ikulu. Rais alisema hajacheka hivyo tangu uchaguzi uliopita, akamkumbusha Waziri kwamba Sheria ya Ulinzi wa Mila ni ya kwake yeye Rais, na akauliza mbona mazishi yanachukua muda. Waziri akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha.

"Mila inaruhusu mtani apozwe. Pokea, mtani, utupishe."

Semeni hakuitazama. Alivua miwani. Sauti yake ilibadilika, na waliokuwa karibu wakaacha kucheka.

"Mama yangu alizikwa mimi nikisikiliza kwenye simu. Rudisha bahasha yako. Nataka Kibali cha Kutoka na Kurudi."

"Nakuandikia sasa hivi," akasema Waziri, na kweli akaandika, nyuma ya ratiba ya mazishi. Alipofika mahali pa muhuri akasita. Muhuri wa Jamhuri ulikuwa ndani ya jeneza. Marehemu aliacha wosia azikwe nao, ili atakayemrithi asije akamkubalia mtu.

"Fungueni," akasema Semeni.

Wakafungua. Mjane ndiye aliyefungua fundo la kamba shingoni, maana alilifahamu fundo lile kuliko alivyomfahamu mwenye shingo. Muhuri ulikuwa na pande mbili. Upande wa IMEKATALIWA ulikuwa umelika mpaka herufi hazisomeki. Upande wa pili, wa IMEKUBALIWA, ulikuwa mpya kama siku uliyonunuliwa, wino haujawahi kuugusa. Waziri akaupulizia pumzi, akapiga.

Semeni akausoma ule waraka toka mwanzo mpaka mwisho, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga. Akavaa tena miwani. Akagonga muhogo wake juu ya jeneza.

"Ombi la marehemu limepokelewa."

Waziri akashusha pumzi. Wapiga tarumbeta wakainua tarumbeta zao.

"Linashughulikiwa," akaongeza Semeni, akiinuka na kubeba kiti chake. "Njooni Alhamisi."

"Lakini tumekubaliana," Waziri akasema.

"Tumekubaliana nini, Mheshimiwa? Dirisha limefungwa."

Mjomba wa marehemu aliinamisha kichwa juu ya fimbo yake mpaka alipoweza kusema. Kisha akawaambia vijana wageuze jeneza. Mtani hajaridhika, hakuna mazishi. Likageuzwa, na bendera yake na bendi yake na mabalozi wake, likarudishwa mochwari. Lugendo alikuwa amekwisha tangulia, amesimama kando ya jokofu na koti lake la kazi, mlango wazi.

"Karibuni," akasema. "Jisikieni mko nyumbani."

*

Semeni alivuka mpaka siku ile ile. Askari wa mpakani aliugeuza waraka huku na huku akitafuta tarehe ya kurudi. Haikuwepo. Waziri, kwa haraka yake ya kuzika, alisahau kuiandika, na muhuri ulikuwa halisi. Askari akampigia saluti.

Sefu alimpeleka dada yake kaburini kwa mama. Majani yalikuwa yameota juu yake. Semeni akapiga magoti, akachota udongo kwa mkono, akauweka juu ya kaburi, akachota tena. Alipouweka wa tatu machozi yalitoka. Alilia kwa sauti, alilia kilio chote alichonyimwa, na Sefu akakaa kando asimzuie. Chuki ilikuwa bado ipo. Ilikaa pembeni kwenye kigoda chake, ikamwacha alie kwanza.

Alhamisi ilipofika, alikuwa pale pale kaburini anang'oa magugu, simu ikaita. Alikuwa Waziri. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, na watu hao hawakuwa na furaha.

"Mtani, tumekwisha fika kaburini. Jeneza liko hapa, mabalozi wako hapa, jua ni kali. Uko wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Utarudi lini?"

"Ndio kwanza nimeanza kumlilia, Mheshimiwa. Nikimaliza nitarudi."

"Mama yako amezikwa zamani. Huyu ni Kamishna wa Jamhuri. Una moyo gani, Semeni? Unamkasirikia mtu mpaka akiwa maiti?"

"Mtani hakasiriki."

Tarumbeta moja ililia kwa makosa, ikanyamazishwa.

"Basi sisi tufanyeje?" Waziri akauliza hatimaye, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama upande wa nje wa dirisha.

Semeni alipangusa udongo mkononi, akaisogeza simu karibu na mdomo ili asikike vizuri.

"Marehemu haendi kokote, Mheshimiwa," akasema. "Atanisubiri."

Akakata simu, akarudi kwenye magugu yake, akiyang'oa moja moja, bila haraka.